Kuhani Uliyemtunga Hafanyi Kazi Mezani: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu anapoamua kumtungia mungu wa ulimwengu wake makuhani wa aina yao, kazi ya kuandika huweza kumalizika jioni moja, lakini kasoro zake huchukua vikao vitano au sita kujitokeza. Wakati huo mchezaji ameshamzoea mhusika wake, ameshamchora pambizoni mwa karatasi, na kila rekebisho unalopendekeza analiona kama kunyang'anywa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani kile kinachoonekana mezani, na kurudi nyuma hadi kwenye kosa lililofanyika siku ya kuandika.

Mifano mingi nimeichukua kutoka toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, lililotolewa na kampuni ya TSR mwaka 1989, kwa sababu toleo hilo ndilo lililomkabidhi msimamizi kazi hii waziwazi. Kitabu chake cha mchezaji kinataka kila ukuhani ufafanuliwe kwa mambo matano: masharti ya kujiunga, silaha zinazoruhusiwa, nyanja za dua (yaani makundi ambamo dua zimepangwa), uwezo wa kutunukiwa, na mwenendo. Kuelekea mwisho nitagusa toleo la tano, ambalo lina kasoro za aina yake.

Kuhusu istilahi, nasema "kuhani" na si "padri" wala "kasisi", kwa kuwa maneno hayo mawili humpeleka msomaji parokiani moja kwa moja, ilhali "kuhani" tumeshalizoea kwa watumishi wa miungu ya kale. Naita "dua" yale ambayo mhusika huyaomba kwa mungu wake kabla ya kuianza siku, ili yasichanganywe na uchawi wa mchawi. "Ngazi" ni ya mhusika, "daraja" ni la dua.

Kipimo kabla ya tiba

Usirekebishe chochote kabla hujamweka kuhani wako kando ya wawili waliokwishapimwa na wenye mchezo: kuhani wa kawaida na druidi, yaani kuhani wa misitu na wanyama. Kuhani wa kawaida hurusha dadu ya pande 8 kwa pointi za uhai, huvaa deraya yoyote, hupigana kwa silaha butu, hufukuza wafu wanaotembea, na katika nyanja 16 za kitabu cha mwaka 1989 anazo 12 kwa ukamilifu, pamoja na nyanja ya Elementi (hewa, ardhi, moto na maji) kwa kiasi kidogo. Anazozikosa kabisa ni tatu tu: Wanyama, Mimea na Hali ya Hewa. Druidi anazo sita kwa ukamilifu (ya Wote, Wanyama, Elementi, Uponyaji, Mimea na Hali ya Hewa) na Uaguzi kwa kiasi kidogo. Hawezi kufukuza wafu, wala havai chuma. Badala yake hutunukiwa uwezo kwa awamu: ngazi ya 1 anapata nafuu dhidi ya moto na umeme, ngazi ya 3 anatambua mimea, wanyama na maji safi na kupita vichakani bila kuacha alama, na ngazi ya 7 anaweza kujigeuza mnyama mara tatu kwa siku.

Kiasi kidogo maana yake ni dua za daraja la 1 hadi la 3 peke yake. Kanuni hii ni fupi kiasi kwamba watu huisoma na kuipita, na makosa mengi nitakayoyaeleza yamezaliwa hapo.

Kipimo chenyewe ni rahisi ingawa kinachosha. Chora jedwali lenye ngazi za 1, 3, 5, 7 na 9, ambazo ndizo ngazi kuhani anapofungua madaraja matano ya kwanza ya dua, kisha katika kila ngazi uandike dua ambazo kuhani wako anaweza kuchagua. Andika majina ya dua zenyewe. Majina ya nyanja hayatoshi, kwa kuwa mtu anayehesabu nyanja hujidanganya, kama tutakavyoona sasa hivi.

Dalili: mchezaji anamchoka kuhani wake

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na karibu kila mara chanzo chake ni woga wa msimamizi. Anaogopa kumpa kuhani nguvu kupita kiasi, hivyo anampa nyanja tano au sita, nyingine zikiwa kwa kiasi kidogo, halafu anaongeza uwezo mmoja wa kupendeza wa kumfariji. Kwenye karatasi anaonekana kamili. Mezani hana la kufanya.

Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Nilimtunga kuhani wa Mwenye Bandari, mungu wa malango ya bahari, mianga ya pwani na mikataba ya mizigo. Nilimpa kwa ukamilifu nyanja ya Wote, Elementi upande wa maji, Hali ya Hewa, Ulinzi na Astrali, kwa hoja kwamba mungu wa malango anapaswa kujua na malango ya kuelekea dunia nyingine. Uponyaji nilimpa kwa kiasi kidogo, kwa sababu bandari si hospitali. Dada aliyemcheza alifika naye ngazi ya 7 bila manung'uniko. Kisha, ndani ya ghala moja lililofurika maji, buibui mkubwa akamuuma mwizi wa kundi, mhusika wa mchezaji mwingine. Dada yule akasema kwa utulivu, "Subirini, mimi ninayo nyanja ya Uponyaji," akaanza kufunua kitabu. Alifunua kurasa, akarudi, akafunua tena, huku wengine wakiwa kimya na mwizi akihesabu raundi zilizobaki kwa kupanga dadu zake mstari mmoja mezani. Dua ya Kuondoa Sumu ni ya daraja la 4. Dua ya Kuchelewesha Sumu ni ya daraja la 2, lakini hakuwa ameiomba alfajiri ile, kwani kila mtu mezani, mimi nikiwamo, aliamini kwamba kuhani wa ngazi ya 7 mwenye Uponyaji anaweza kuondoa sumu. Alipoweka penseli chini aliuliza swali moja: "Sasa mungu wangu ananisaidia nini?"

Nilipoiandika upya orodha, niliona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo. Katika kitabu cha mwaka 1989, nyanja ya Uponyaji ina dua sita tu: Kutibu Majeraha Madogo, Kuchelewesha Sumu, Kutibu Majeraha Makubwa, Kuondoa Sumu, Kutibu Majeraha ya Hatari, na Uponyaji Kamili. Daraja la 3 halina hata moja. Kwa hiyo mwenye Uponyaji kwa kiasi kidogo anapata dua mbili, na anapovuka daraja la 2 hana anachosubiri tena maishani mwake. Astrali nayo, ambayo niliiandika kwa fahari kuwa nyanja kamili, haina chochote chini ya daraja la 5. Kuhani wa Mwenye Bandari angesubiri hadi ngazi ya 9 ili aitumie kwa mara ya kwanza. Nilimlipa mtu kwa hundi ya miaka mitatu ijayo, nikaita mshahara.

Mtego mwingine wa jamii hiyo unawanasa hasa wanaotunga makuhani wa miungu ya rehema. Msimamizi anatazama nyanja ya Wafu, anasikia harufu ya maiti na mifupa, anaifuta. Hajui kwamba Kutibu Ugonjwa na Kutibu Upofu au Uziwi zimewekwa humo, zote za daraja la 3, na kwamba Kufufua Mfu, ya daraja la 5, imo humo pia. Kuhani wa mungu wa kike wa waganga anaachwa akiwa hawezi kutibu homa. Habari njema ni kwamba kwa dua hizo mbili za kwanza kiasi kidogo kinatosha kabisa, nawe unaweza kuandika katika mwenendo kwamba kumwamsha maiti ili atumike ni najisi kwa ukuhani huu.

Marekebisho, basi, yanafuata mpangilio huu. Kwanza hakikisha nyanja ya Wote ipo kwa ukamilifu, kwa kuwa humo ndimo zilimo Baraka, Kutambua Uovu na Kutakasa Chakula na Kinywaji, na kuhani asiye nazo hana sura ya kuhani. Pili, kwa kila nyanja uliyoitoa kwa kiasi kidogo, jiulize ni dua gani hasa ya daraja la 1 hadi la 3 uliyoikusudia. Kama huwezi kuitaja, nyanja hiyo ni pambo. Kama unaweza, mara nyingi kiasi kidogo ni zawadi nzuri kuliko kinavyosikika: kuhani wa Mwenye Bandari alihitaji mwanga wa kuongozea vyombo, na nyanja ya Jua kwa kiasi kidogo ilimpa Mwanga katika daraja la 1 na Mwanga wa Kudumu katika daraja la 3, ambazo ndizo dua mbili alizozihitaji. Tatu, tazama kila daraja kama ngazi ya nyumba: kusiwe na kidato kitupu. Daraja lenye dua chini ya nne za kuchagua humfanya kuhani aombe yale yale kila siku, hata kama nguvu yake kwa hesabu haijapungua. Idadi hiyo ya nne ni ya uzoefu wangu wala haimo katika kanuni yoyote, ila sijawahi kujuta kuifuata.

Mwishowe niliifuta Astrali, nikampa Uponyaji na Uaguzi kwa ukamilifu, nikaongeza Jua na Haiba kwa kiasi kidogo, na Mapigano nikamnyima kabisa. Mwizi hakurudi, lakini kuhani alibaki.

Dalili: wenzake wanakaa kimya anapocheza

Upande wa pili wa kosa lile lile ni kuhani anayefanya kila kitu. Unaitambua dalili hii kwa kutazama mikono ya wachezaji wengine: mpiganaji anachezea dadu, mwizi anatazama simu, kwa kuwa wanajua kuhani ataupenya mlango, atamwangusha mlinzi, na kisha ataponya majeraha ambayo hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kujeruhiwa.

Chanzo cha kwanza ni uwezo wa kutunukiwa uliojumlishwa bila kulipiwa. Kitabu cha mwaka 1989 kina onyo la wazi kwamba ukuhani wenye nguvu upande mmoja lazima udhoofishwe upande mwingine, na onyo hilo wengi wetu tumelipita tukikimbilia orodha ya nyanja. Mzani ninaoutumia ni huu: kuhani wa kawaida ana mfuko wenye vitu vinne vya thamani, yaani upana wa nyanja, deraya nzito, kufukuza wafu, na dua zake za uponyaji wa juu. Kila uwezo mpya utoke ndani ya mfuko huo. Ukitaka kumpa kuhani wa mungu wa vita upanga na mapigo ya ziada, chukua kufukuza wafu na punguza nyanja mpaka zikaribie saba za druidi. Kumkataza kula samaki hakulipii upanga.

Chanzo cha pili ni muda. Uwezo ule ule unaotumika mara moja kwa siku na unaotumika wakati wowote ni vitu viwili tofauti, na uwezo unaotolewa ngazi ya 1 si sawa na unaotolewa ngazi ya 7. Druidi anasubiri hadi ngazi ya 7 kugeuka mnyama. Kama uwezo uliouandika ni mkubwa kuliko huo na umeuweka ngazi ya 1, usitafute dalili nyingine. Kuugawa katika awamu za 1, 3 na 7 humpa mchezaji cha kutarajia na humpa msimamizi nafasi ya kusahihisha kabla mambo hayajaharibika.

Chanzo cha tatu kimejificha katika jedwali la uzoefu, yaani pointi anazohitaji mhusika ili apande ngazi. Kuhani wa kawaida hupanda kwa bei nafuu: ngazi ya 2 kwa pointi 1,500, wakati mpiganaji anahitaji 2,000 na mchawi 2,500. Nafuu hiyo imetolewa kwa kuhani wa kawaida alivyo, na ukiacha jedwali lile lile kwa kuhani uliyemwongezea nguvu, umempa zawadi mbili kwa mkono mmoja. Wengi hujirekebisha kwa kumhamishia jedwali la druidi, kwa kuwa linaanza na 2,000 na linaonekana ghali. Hapo wamejimaliza. Druidi hufika ngazi ya 5 kwa pointi 12,500 na kuhani wa kawaida kwa 13,000. Ngazi ya 6 druidi anahitaji 20,000 na kuhani 27,500. Ngazi ya 8 druidi anahitaji 60,000 tu ilhali kuhani anahitaji 110,000. Jedwali linaloanza kwa ukali linageuka kuwa mteremko pale pale mchezo unapokolea. Ukitaka kweli kumlipisha kwa uzoefu, tumia jedwali la mpiganaji: 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, kisha 32,000 kwa ngazi ya 6. Halina ujanja ndani yake.

Usiisahau Hekima, mojawapo ya sifa za mhusika zinazopimwa kwa namba. Mhusika mwenye Hekima ya 16 anaongezewa dua mbili za daraja la 1 na mbili za daraja la 2, kwa hiyo anaanza ngazi ya 1 akiwa na dua tatu badala ya moja. Ukiandika katika masharti kwamba ukuhani unadai Hekima ya 16, ukidhani umeweka kizuizi, umehakikisha kwamba hakuna kuhani wa aina hiyo atakayekosa nyongeza hizo.

Dalili: makuhani wote wanafanana, majoho tu ndiyo tofauti

Kasoro hii haivunji mchezo, na kwa sababu hiyo huishi muda mrefu. Kuna kuhani wa jua, kuhani wa kilimo na kuhani wa sheria, na wote watatu wanasema "naomba Baraka" kwa sauti moja.

Chanzo ni kuanza na nomino. Msimamizi anaandika "mungu wa kilimo", anatafuta katika kitabu kila dua yenye mimea, anazikusanya, anafunga daftari. Lakini mungu wa kilimo anaabudiwa na mtu anayeogopa nini? Kama ni ukame, kuhani wake ni mtu wa mvua na visima. Kama ni nzige, ni mtu wa kupigana na makundi. Kama ni mwenye shamba kubwa anayenyang'anya mipaka, kuhani ni mpimaji na hakimu, na nyanja ya Mimea inaweza hata isiwepo. Ninapendekeza uanze na kitenzi: waumini humwita kuhani huyu aje kufanya nini, siku ambayo hakuna vita? Mtu akizaa, akifa, akihama, akigombana, akizindua chombo, yeye hufanya nini, na hulipwa nini?

Kwa kuhani wa Mwenye Bandari, swali hilo liliibadilisha karatasi nzima. Waumini wake walikuwa manahodha na wenye mizigo, nao walimwita kabla ya safari ili awaambie kama pepo zimegeuka, na baada ya safari ili ashuhudie mzigo ukihesabiwa. Kwa hiyo uwezo wake wa ngazi ya 1 ukawa kujua upepo wa kesho utavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani. Ngazi ya 3 akapata uwezo wa kutambua, mara moja kwa siku, kama hesabu inayotamkwa mbele yake imepunguzwa kwa makusudi. Hakuna hata mmoja kati ya hizo unaoua mtu. Hata hivyo ule wa pili ulitumika karibu kila kikao, kwenye meza za forodha, kwenye kugawana ngawira, na wakati mmoja kwenye kikao cha mfalme aliyedai ana askari 300, kuhani akainamisha macho na kukohoa.

Dalili: uwezo upo kwenye karatasi lakini hautumiki

Hapa chanzo ni kimoja, nacho ni sharti jembamba mno. Mfano umo ndani ya kitabu chenyewe: Kuita Radi, dua ya daraja la 3 katika nyanja ya Hali ya Hewa, inadai kuwe na dhoruba na mwombaji awe nje, na radi hushuka mara moja kila dakika 10. Ni dua ya kutisha kwa anayetembea nyikani. Kwa kundi linaloishi mashimoni ni karatasi tupu. Kabla ya kuupa ukuhani mzima mhimili wa namna hiyo, jiulize vikao vyako vitano vilivyopita vilichezewa wapi. Ikiwa vinne vilikuwa chini ya ardhi, ama badilisha uwezo, ama badilisha masimulizi, na la pili huwa bora zaidi kwa kila mtu. Sharti lolote ambalo halikutimia hata mara moja katika vikao vitatu nalihesabu kuwa ni kufuli.

Dalili: miiko ya kuhani inawachosha wengine

Mwiko unapaswa kumgharimu kuhani. Dalili ya mwiko mbovu ni pale gharama inapowaangukia wenzake: hawezi kusafiri usiku, kwa hiyo kundi zima linalala; hawezi kukaa na mwongo, kwa hiyo mwizi hawezi kuchezwa; lazima amuue kila mfu anayetembea anayemwona, kwa hiyo hakuna mpango wa siri unaodumu. Mchezaji wa kuhani kwa kawaida hana nia mbaya. Anafuata ulichoandika, na anashangaa kwa nini anachukiwa.

Tiba ni kubadilisha mwelekeo wa mwiko kutoka katika kukataza hadi katika kudai. "Asivuke maji bila kutoa sadaka" ni bora kuliko "asivuke maji siku za giza", kwa sababu sadaka hutoleka: ni shaba kidogo, ni dakika moja ya igizo, na siku ambayo kundi limefilisika inageuka kuwa kisa. Pia andika mapema adhabu ya kuvunja mwiko na njia ya kuitubia. Mungu anayemnyang'anya kuhani dua zote kwa kosa moja humtoa mchezaji mezani kwa kikao kizima, na hakuna aliyetoka nyumbani kwake kuja kutazama wengine wakicheza. Mimi huondoa dua ya daraja la juu kabisa aliyonayo mpaka atakapotubu. Anaumia, lakini anaendelea kucheza.

Dalili: alikuwa sawa, sasa amezidi

Umepima vizuri, umecheza mwaka mzima, kisha kuhani akaanza kuvimba bila wewe kugusa chochote. Tazama rafu yako ya vitabu. Katika toleo la pili mchawi lazima aitafute kila kanuni ya uchawi na kuiandika kitabuni mwake, lakini kuhani anaweza kuomba dua yoyote iliyomo katika nyanja zake kwa daraja analolimudu. Maana yake ni kwamba kila kitabu kipya unachokileta mezani kinamwongezea kuhani nguvu usiku ule ule, na anayefaidika zaidi ni yule mwenye nyanja nyingi kamili. Nyongeza ya mwaka 1991 ilileta nyanja mpya kabisa, zikiwamo za Wakati, Sheria na Vita, pamoja na dua za kutia katika nyanja za zamani, na meza nyingi zilizipokea zote kwa pamoja.

Kinga yake ni kuiandika orodha ya dua kwa majina, ile ile uliyoitengeneza wakati wa kupima, na kutamka kwamba orodha hiyo ndiyo sheria. Dua mpya iingie moja moja, ama kwa kubadilishana na ya zamani, ama kama tuzo ya hija au ugunduzi hekaluni. Dua iliyopatikana kwa kuitafuta hupendwa kuliko ile iliyotoka dukani na kitabu.

Kwa wanaocheza toleo la tano

Toleo la mwaka 2014 halina nyanja, lina milki, yaani mafungu ya uwezo na dua ambayo kuhani huchagua moja: saba katika kitabu cha mchezaji, kila moja ikitoa uwezo katika ngazi za 1, 2, 6, 8 na 17, na dua kumi zilizo tayari daima, mbili mbili katika ngazi za 1, 3, 5, 7 na 9. Mwili wa kuhani umekwisha kutengenezwa, wewe unamvisha. Hivyo si rahisi kumtunga kuhani dhaifu, na dalili ya kuchoka inapojitokeza chanzo chake huwa kingine: msongamano.

Angalia kwanza umakini. Dua zinazodai umakini haziwezi kushikiliwa mbili kwa wakati mmoja, na ukiweka saba za namna hiyo kati ya kumi, umempa kuhani mlango mmoja na funguo saba. Angalia pili kitendo cha ziada: kama uwezo wa ngazi ya 2, wa ngazi ya 6 na dua anayoipenda vyote vinakula kitendo cha ziada, viwili kati ya vitatu vitalala. Mimi huandika kila uwezo katika safu ya kile unachotumia, yaani kitendo, kitendo cha ziada, au mwitikio, na safu moja ikijaa nahamisha. Deraya nzito haihitaji kuogopwa sana, kwani milki nne kati ya saba za mwaka 2014 zinaitoa, lakini ihesabu kuwa sehemu ya zawadi ya ngazi ya 1, isiwe nyongeza juu yake.

Wenye milki za nyumbani walizoandika kwa kanuni za 2014 watakuta jambo moja wanapohamia toleo lililorekebishwa la mwaka 2024: milki sasa huchaguliwa ngazi ya 3. Usichukue uwezo wa ngazi ya 1 na ya 2 ukaumimina wote ngazi ya 3 kama ulivyo, kwa sababu ngazi hiyo itakuwa nzito na ngazi mbili za kwanza zitakuwa za kuhani asiye na mungu anayejulikana. Uwezo mdogo ubaki kama mazoea ya hekalu tangu mwanzo, bila nguvu ya kikanuni, na ule mkubwa ndio usubiri.

Kumrekebisha kuhani ambaye tayari anachezwa

Marekebisho yote yaliyotangulia ni mepesi kwenye daftari, na magumu pale karatasi inapokuwa na mwenyewe. Usibadilishe kitu katikati ya kikao, hata ukiwa umegundua kosa la wazi. Kikao kimalizike kwa kanuni zilizokianza. Subiri apande ngazi, kwani wakati huo mikono ya mchezaji tayari iko kwenye kifutio. Ongeza kabla ya kupunguza. Na kabla ya kufuta uwezo wowote, muulize mchezaji ni kipi kati ya alivyo navyo anachokisimulia kwa watu wasiokuwepo mezani. Hicho usikiguse, hata kama kwa hesabu ndicho chenye kasoro; tafuta bei yake kwingine, katika nyanja asiyoitumia au katika jedwali la uzoefu. Yule dada alikubali kuiachia Astrali bila kuitazama mara mbili. Nilipotaja, kwa tahadhari zote, kwamba huenda uwezo wa kutambua hesabu iliyopunguzwa unatumika mno, aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akainamisha, na kukohoa.